Mbuzi wangu mmoja na nusu kule Java

Mwenzenu nina mbuzi mmoja na nusu Indonesia. Sitanii. Wako kwenye banda la mianzi lililoinuliwa juu ya nguzo, kitongoji kimoja cha vilimani huko Kokap, wilaya ya Kulon Progo, magharibi ya mji wa Yogyakarta kisiwani Java, na kila nikisema hivi kijiweni watu wanacheka halafu wanauliza swali lilelile, huyo nusu ni wa mbele au wa nyuma? Subirini, nitafika huko.

Kwanza nilifikaje. 2018 nilipata nafasi ya Darmasiswa, huu ni ufadhili wa serikali ya Indonesia kwa wageni wanaotaka kujifunza lugha na sanaa zao, ulianza 1974, masomo bure na posho ya kila mwezi juu, ila nauli ya ndege unajitafutia mwenyewe na hapo ndipo wengi wanapokwama, mimi niliuza pikipiki. Nikapangiwa Yogyakarta, wenyewe wanaita Jogja. Mwenye nyumba niliyopanga chumba alikuwa mzaliwa wa Kokap, na wikiendi moja akaniambia twende ukawasalimie wazee. Nikaenda kusalimia. Tangu siku hiyo kila Ijumaa mchana nilikuwa barabarani.

Sasa mimi ni mtoto wa Pangani. Nimekulia chini ya minazi, jirani yetu alikuwa mgema, nikimuona mtu anapanda mnazi alfajiri najua kinachofuata. Kwa hiyo asubuhi ile ya kwanza natoka nje naona mzee wa miaka sabini na kitu anapanda kwa mapago, kisu kiunoni, bomba la mwanzi linaning'inia mgongoni, nikajisemea haa, kumbe na hawa Waislamu wa Java wanapata lao kimya kimya. Akashuka, nikasogea kunusa. Tamu tupu, haijachacha hata kidogo. Kumbe kabla hajautundika ule mwanzi anatia chokaa kidogo ndani, chokaa inazuia yale maji yasigeuke pombe, halafu bibi anayapokea anayachemsha kwenye karai, jiko la kuni, masaa manne matano, mpaka yanakuwa mazito anayamimina kwenye vifuu na yakiganda ni sukari guru. Gula Jawa, sukari ya Java. Lita saba hivi za maji ya mnazi kupata kilo moja, na kilo ile 2018 mchuuzi alikuwa anaichukua kwa rupia elfu 15, sasa piga hesabu, mzee anapanda mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, mvua ije jua liwake, minazi kumi na tano, kwa hela ambayo mjini unanunulia sahani mbili za wali. Na wanaanguka. Kila kijiji cha pale utaonyeshwa mtu aliyeanguka. Kwetu tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu nilimsifu wiki nzima akaendelea kutia chokaa yake tu.

Mzee nilimwita Mbah Kakung, yaani babu, na mkewe Mbah Putri. Mtoto wao mkubwa, kaka wa mwenye nyumba wangu, nikamwita Pakde, baba mkubwa. Kule hamna kumwita mtu jina kavukavu, kama kwetu tu. Mbah Kakung yeye aliniita Londo Ireng. Londo ni Mholanzi, ireng ni mweusi. Mholanzi mweusi! Nikanuna kwanza. Halafu nikaelezwa kwamba Waholanzi walichukua wanaume wa Kiafrika kama elfu tatu hivi kutoka Elmina, Ghana ya leo, kati ya 1831 na 1872, wakawaleta kuwa askari wa jeshi lao la koloni, na baadhi yao wakaishia Purworejo, wilaya inayopakana kabisa na Kulon Progo, wakapewa mtaa wao wakaoa wakazaa. Kwa hiyo jina halikutungwa kwa ajili yangu, lilikuwepo linasubiri mtu. Nikalipokea.

Lugha nayo ilinirahisishia. Kiindonesia ukitoka pwani yetu unajikuta unakijua nusu bila kusoma. Apa kabar ni habari gani. Dunia ni dunia, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, rezeki ni riziki, waktu ni wakati, musim ni msimu, Mwarabu kapita kote. Na Mreno naye kapita kote, maana meja ni meza na bendera ni bendera vilevile bila kubadilisha herufi. Ila kijijini watu wanaongea Kijava, na Kijava kina ngazi, unaweza kumuambia mzee "kula" kwa neno ambalo unamuambia mtoto na hapo umeshamtukana. Mimi nilijifunza nggih (ndiyo), monggo (karibu) na matur nuwun (asante), nikawa natabasamu sehemu zilizobaki.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa "mampir". Unapita mbele ya nyumba, mtu yuko barazani anakwambia mampir, yaani pitia ndani. Mimi nikapitia. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mahali naona wenyeji wanaangaliana, mama anakimbilia jikoni kukaanga chochote. Jioni Pakde akanielezea huku anajizuia kucheka kwamba ile ni salamu tu, unajibu asante, siku nyingine. Ni "karibu chakula" ya kwetu kabisa! Mimi ambaye nyumbani ningemshangaa mtu anayekaa kweli kwenye sinia ndio nilikuwa yeye.

Kila nilichokiona kilikuwa na pacha wake kwetu, na nadhani ndiyo maana nilijisahau. Ukilala usiku kijijini lazima uripoti kwa mkuu wa RT, kibao kipo njiani kabisa kinasema mgeni aripoti ndani ya masaa 24, na RT ni nyumba kadhaa zenye mkubwa wao, huyo ni balozi wa nyumba kumi sema wenyewe mfumo huu waliwekewa na Wajapani wakati wa vita. Arisan ni upatu, akina mama wanakutana wanachanga wanapiga kura nani apokee. Makopa wanayaita gaplek. Harusi unaenda na bahasha, na bahasha yako inaandikwa kwenye daftari, jina na kiasi, ili siku yako ikifika urudishiwe kilekile au zaidi kidogo, na usipotokea wanajua. Mwezi mmoja nilipata mialiko minne, elfu 50 kila bahasha, posho ikanikauka nikawa nashindia geblek, vile vitafunwa vya wanga wa muhogo vya Kulon Progo, vyeupe, vya umbo la pete, vikipoa vinavutika kama mpira.

Na sungusungu. Wao wanaita ronda. Kila nyumba inatoa mwanaume usiku mmoja kwa wiki, mnakaa kwenye kibanda chenu na kentongan, lile gogo lenye tundu la kugonga, saa sita mnazunguka, na kila nyumba imetundika kikopo nje chenye punje za mchele au sarafu ya 500, mnakusanya, zinaingia mfuko wa mtaa. Jimpitan, neno lenyewe maana yake ni kuchota kwa ncha za vidole, ile konzi ndogo kabisa. Mimi nilijipa zamu ya Ijumaa. Hakuna aliyeniomba. Mwezi wa kwanza walinipikia kahawa kama mgeni, mwezi wa pili nikaambiwa tochi ile, wewe anza upande wa chini.

Haya, sasa tuje kwenye ujinga wangu.

2018 hiyo Kulon Progo nzima ilikuwa na homa ya ardhi kwa sababu serikali ilikuwa inajenga uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta kule Temon, pwani. Wakulima wengine walikuwa wamelipwa, wengine wamegoma na nyumba zao zinavunjwa, na huku madalali wamepanda mpaka vilimani wanauza "mandhari ya bahari". Mmoja akanipata. Akanionyesha kipande cha mita za mraba elfu moja kwenye mteremko, minazi, mikarafuu miwili mitatu, ukisimama juu ya jiwe fulani unaona bahari. Rupia milioni 120. Hiyo ilikuwa kama shilingi milioni kumi na nane na ushee, na mimi nina kagrupu ka WhatsApp ka washkaji wawili Dar, mmoja ana mafao, tukaanza kupanga. Vibanda vinne vya mianzi. Watalii. Juisi ya nazi. Jina la sehemu tulishalipata kabla ya kiwanja.

Mgeni hawezi kumiliki, dalali mwenyewe alinieleza, ila hamna shida, tunaandika kwa jina la mtu wa hapa, wewe unabaki na mkataba pembeni. Wanaita kuazima jina. Na akasema ukitaka lisichukuliwe na mwingine toa kianzio cha rupia milioni tano. Nikatoa. Ndiyo, nilitoa, msinitukane kwenye komenti.

Aliyeniamsha ni Pak Dukuh, mkuu wa kitongoji, tena kwenye zamu ya ronda. Hakunikataza, watu wa Java hawakukatazi. Aliniuliza tu kama kule darasani kwetu tumeshafundishwa kusoma sheria. Kesho yake nikatafuta ile sheria ya ardhi, Na. 5 ya 1960, nikaisoma na kamusi pembeni masaa matatu. Kifungu cha 26 kinasema kinaga ubaga, ukifanya ujanja wa kumuhamishia mgeni umiliki, moja kwa moja au kwa kuzunguka, mpango wote ni batili, ardhi inakwenda kwa serikali na hela uliyolipa huidai. Huidai! Kinachobaki kwa mgeni ni kupanga, au haki ya matumizi kama una kibali cha kuishi, miaka 30 ya kwanza halafu kuongezewa, au kufungua kampuni ya kigeni ambayo mpango wa uwekezaji uzidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo. Bilioni kumi. Sisi na mafao yetu.

Nilimlalamikia Pakde jioni ile, nikamwambia nyinyi mna sheria ngumu. Akaniuliza swali moja, kwa hiyo mimi nikija kwenu Tanzania naweza kununua shamba kijijini? Nikanyamaza. Maana kwetu Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, tena kupitia mlango wake maalumu, na hakuna mtu wa Pangani niliyewahi kumsikia analalamika kwamba sheria hiyo ni ngumu, tunalalamika ikikiukwa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kwa watu kile ambacho mgeni akikitafuta kwetu tunamuita tapeli. Milioni tano sikuirudishiwa. Dalali namba yake ikawa haipatikani.

Pale jirani kuna msitu wa Kalibiru, na ningekuwa na akili ningeanzia kutazama pale. Ule msitu ulikuwa umekatwa ukabaki upara, wanakijiji wakaupanda upya wenyewe, 2007 wakapewa na serikali kibali cha kuutunza na kuutumia miaka 35, wakajenga majukwaa juu ya miti, unasimama nyuma yako bwawa la Sermo na bahari, picha zikaenea nchi nzima watu wakawa wanapanga foleni kupiga picha moja. Sasa kila kilima cha safu ya Menoreh kikajenga jukwaa lake, vingine na moyo wa plastiki mwekundu, foleni ikagawanyika. Lakini msitu upo. Watalii wamepungua na miti haijapungua, na mwenye mali ni kijiji.

Basi mbuzi. Ilikuwa 2019, nakaribia kuondoka, nina hela kidogo ya posho niliyobana. Pakde akanieleza gaduh. Ni mpango wa zamani, mtu mwenye hela ananunua jike, mtu mwenye mikono anamlea, watoto wakizaliwa wanagawana nusu kwa nusu, hiyo nusu kwa nusu wanaita maro. Mama anabaki wa mwenye hela. Mama akifa kwa ugonjwa ni hasara ya mwenye hela, na mlezi amepoteza majani yake. Mbuzi wenyewe hawachungwi, wanakaa juu kwenye banda la mbao zilizoachana, wanakatiwa majani kila siku, ya mfenesi na mengineyo, na samadi inadondoka chini inakwenda shambani. Wana masikio marefu yananing'inia na pua ya upinde, damu ya Etawa, mbegu ya India iliyoletwa enzi za Waholanzi. Nikanunua majike wawili, milioni mbili na nusu kila mmoja. Umeona hesabu? Milioni tano, ileile ya dalali. Hakuna karatasi. Kusema kweli viza yangu haikuwa ya biashara na simshauri mtu kuchezea viza, mimi niliwachukulia kama mbuzi ninaowaacha kwa ndugu. Pakde akaandika kwa mkaa kwenye nguzo ya banda, herufi mbili, LI. Londo Ireng.

Kabla sijaondoka alinipakia kwenye pikipiki tukavuka vilima mpaka Borobudur. Hekalu lenyewe mshaliona kwenye picha, la karne ya nane na ya tisa, siongezi kitu. Ila kwenye mawe yake kuna merikebu zimechongwa, zina tanga na zina mirengu pembeni, na nilisimama pale kama mjinga kwa sababu ile ni ngalawa. Ngalawa ya baba mdogo. Na kwenye makumbusho ya palepale wameweka meli halisi iliyojengwa kwa kuiga mchoro ule, Samudraraksa, 2003 iliondoka Jakarta ikapita Shelisheli na Madagaska ikazunguka Cape Town, Februari 2004 ikafika Accra. Pakde alikuwa haoni ajabu, anavuta kretek yake, ile sigara ya karafuu, na moshi ule ulinikumbusha Pemba msimu wa kuanika. Nikamwambia karafuu zetu mbegu yake ilitoka kwenu Maluku, halafu miaka ya nyuma nyinyi mlikuwa mnakuja kuzinunua Zanzibar kwa ajili ya hizo sigara. Akasema kwa hiyo tunadaiwa au tunadai?

Nilirudi Tanzania Julai 2019. Halafu Corona. WhatsApp ikawa banda langu la mbuzi. Picha ya mtoto mpya, picha ya mtoto mwingine, mmoja amekufa, mwingine. 2020 shule zikafungwa, binti wa Pakde anahitaji simu ya kusomea, akaniuliza kama mbuzi mmoja wa upande wangu anaweza kuuzwa, nikasema uza. Septemba mwaka huohuo Mbah Kakung akafariki. Kitandani, sio mnazini, alhamdulillahi. Mbuzi wa pili wa upande wangu akaenda kwenye siku ya saba na arobaini, maana wao wana siku ya tatu, ya saba, arobaini, mia, mwaka, miaka miwili, halafu ya elfu. 2021 jike mmoja kati ya wale wawili akavimba tumbo akafa.

Nilienda tena Mei 2023, viza ya kutembea ya siku 30. Ule uwanja wa ndege umeshaisha, treni inatoka hapohapo inakufikisha Wates, mji mkuu wa Kulon Progo, kabla hujamaliza kujibu meseji, na kwenye barabara ya vilimani mabango ya kuuza viwanja yamepauka. Kile kipande changu cha mandhari ya bahari nilikipitia. Minazi ipo, hakuna kibanda. Hakuna aliyejenga chochote.

Pakde akanifanyia hesabu kwenye nguzo. Waliozaliwa tisa, waliokufa wawili, wakabaki saba. Yeye watatu, mimi watatu, wa saba nusu kwa nusu, mtamba wa mwaka mmoja. Katika watatu wangu wawili mnajua walikokwenda. Kwa hiyo hesabu yangu siku ile, mama mmoja, beberu mmoja mkubwa mwenye ndevu, na nusu ya mtamba.

Beberu alikuwa mali. Idul Adha ilikuwa mwisho wa Juni na bei ya madume inapanda kila wiki, wanunuzi wanazunguka na pikipiki wanapapasa mgongo. Na siku ya elfu ya Mbah Kakung ikaangukia wiki ya kwanza ya Juni. Jioni moja Pakde akaanza kuongea, bei za mbuzi, mvua, bei za mbuzi Purworejo, jinsi marehemu alivyokuwa anapenda supu lakini hakuwahi kuchinja wake, jinsi huyu beberu alivyofanana na beberu fulani wa zamani. Saa nzima. Mimi ni mtu wa pwani, fumbo nalijua likiwa bado liko mbali. Nikamwambia Pakde, huyu ni wa Mbah. Akanyamaza, akaniongezea chai, tukarudi kwenye mvua.

Usiku wa kuamkia shughuli wanawake wa mtaa mzima walihamia jikoni kwa Mbah Putri, bila kuitwa, kila mmoja na kisu chake. Jioni wanaume tukakaa mkekani, Yasin, tahlil, kwa mahadhi yao ya Kijava, lakini maneno ni yaleyale ya hitima za kwetu, nikawa naitikia bila kuangalia kitabu na mzee mmoja wa pembeni akanigusa goti. Mkimaliza hamli pale, kila mtu anapewa boksi lake anaenda nalo nyumbani, wanaliita berkat, baraka hiyo. Mbah Putri alinipa mawili. La pili la nani, nikauliza. La washkaji wako wa vibanda, akasema Pakde, na mkeka mzima ukacheka. Kumbe walikuwa wanajua muda wote.

Nimebaki na mama mmoja na nusu ya mtamba. Juzi usiku, Oktoba hii, simu imelia, picha, yule mtamba kazaa mapacha. Chini yake Pakde kaandika hesabu, kwamba mlezi nusu, mwenye mali nusu, lakini mwenye mali ni sisi wawili kwa hiyo ile nusu inakatwa tena, mimi napata robo kwa kila mtoto, robo mbili ni nusu. Mke wangu kasoma kasema basi una mmoja, na nusu, na nusu, hao si wawili? Nimempelekea Pakde swali. Amejibu kwamba itabidi apeleke kwa Pak Dukuh.